Mwalimu Aliyengoja Mtoto wa Mwisho

Swali lake la kwanza kwa mtoto halikuwa jina. Aliinama kidogo, si sana, kwa maana magoti yake yalikuwa na maoni yao, akauliza: "Nani alikuleta?" Ukimwambia mama, alimtafuta mama kwa macho katikati ya watu mpaka ampate, na macho yao yakutane. Ukimwambia shangazi, vivyo hivyo. Ukimwambia umekuja mwenyewe, alikutazama kama karani wa posta aliyepokea mzigo usio na anwani, kisha akasema, "Basi nitakurudisha mimi." Na alikurudisha, hata kama kwenu ni kule chini mtoni na kwake ni juu, upande wa barabara ya Sironga.

Jina lake nalijua, lakini sikumbuki kusikia mtu akilitumia. Tulimwita Mwalimu wa Watoto, hata wazee wenye mvi, hata mchungaji aliyehamishiwa kwetu juzi na kudhani ni cheo cha serikali. Shuleni hakuwahi kufundisha. Siku za juma alichuma majani yake ya chai kama kila mama wa kwetu, kikapu mgongoni, na siku ya Sabato aliwakusanya watoto wa kanisa letu katika banda la mabati nyuma ya kanisa, mahali palipokuwa stoo ya saruji kabla hajapadai. Nilikuwa mmoja wao. Baadaye nilisoma mpaka chuo kikuu, nikatoka huko na maneno mengi na viatu vichache, na sasa naishi Nyakoe, ambako majirani huniita daktari mpaka siku mtoto wao anapougua.

Watu wanaomsifu Mwalimu hudhani alipenda kelele za watoto. Hakuzipenda. Kelele zilimuumiza kichwa, naye alisema hivyo waziwazi. Sikumwona hata mara moja akimpakata mtoto. Kamasi zilimchukiza, alizifuta akiwa ametazama pembeni, kama mtu anayechinja kuku kwa kulazimishwa. Aliimba vibaya, kwa sauti ya mlango unaotaka mafuta, na alikuwa mwepesi wa kumkemea mtoto wa kwaya anayeimba vizuri kuliko wengine: "Ngoja wenzako. Unakimbilia wapi?" Katika mkoba wake mweusi kulikuwa na njugu karanga. Alizila peke yake, moja moja, mbele yetu, na hakuna aliyewahi kuonjeshwa. Tulipomlalamikia alisema, "Nikimpa mmoja nitawapa wote, na nikiwapa wote nitakuwa nimewaita kwa njugu."

Lakini hadithi! Alipofika kwa Yona alifunga mlango na dirisha la banda, akatuamuru tuketi tukiwa tumebanana, magoti kifuani, kimya. Joto lilikuwa kali, na mabati yalikuwa yakilia taratibu juu yetu. "Sasa mko ndani," alisema. Hakuongeza neno. Tulikaa tumboni mwa samaki mpaka mmoja wetu alipoanza kulia, ndipo akafungua mlango na mwanga ukatupiga usoni. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu wokovu tangu wakati huo, mengine kwa projekta. Sijaona tena ule mwanga.

Halafu kulikuwa na kamba yake.

Kila mtoto alipofika, Mwalimu alichukua kipande cha ganda kavu la mgomba, akakipasua katikati kwa urefu. Nusu moja alimfunga mtoto mkononi. Nusu ya pili alimpa aliyemleta. Wakati wa kuondoka, aliyekuja kumchukua mtoto alitoa nusu yake, naye Mwalimu akazishikanisha nusu hizo mbili, akautazama mpasuko wa ganda kwa utulivu. Mgomba haupasuki mara mbili kwa namna ile ile. Ukipatana, mtoto ni wako. Usipopatana, keti usubiri.

Watu walimcheka. Kwetu, kila mtu anajua mtoto wa kila mtu, na kama humjui, unajua pua ya babu yake. Kamba ya nini? Hakueleza. Tulikuja kujua siku baba mmoja alipokuja kumchukua bintiye. Mama wa msichana huyo alikuwa amemkimbia mumewe na kurudi kwao kwa sababu ambazo jicho lake lililovimba lilizieleza vya kutosha. Yule baba alisimama mlangoni mwa banda akiwa amevaa koti zuri.

"Nimekuja kuchukua mtoto."

"Uko na kamba?"

"Kamba ya nini, Mwalimu? Huyu si ni mtoto wangu? Nilipeleka ng'ombe!"

"Ulizipeleka wapi?"

"Kwa baba yake huyo mwanamke. Kijiji chote kiliona."

"Basi nenda ukadai huko. Hapa hukuleta ng'ombe, na asubuhi hukuleta mtoto."

Watu walicheka, lakini si wote. Kwa mila yetu, ng'ombe wakishavuka kwenda kwa wakwe, watoto ni wa aliyewatoa, na walikuwako wazee wa kanisa waliompungia Mwalimu mkono kwa mbali, badala ya kumpa, muda mrefu baada ya siku hiyo. Yeye hakutoka mlangoni. Wala hakumfukuza yule bwana. Alimwonyesha benchi iliyokuwa nje na kumwambia akae, amwone mtoto wake, ila asiondoke naye. Yule baba alikaa. Koti lake zuri lilipata vumbi. Mama alipokuja na nusu yake ya kamba, mpasuko ulipatana, akaondoka na mtoto, na baba akabaki amekaa pale pale, na Mwalimu akabaki amesimama mlangoni. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kwamba Mwalimu alimnyoshea yule baba mkoba wake. Ndiyo mara pekee niliyoona mtu akipewa zile njugu.

Mtoto wa mwisho alikuwa jambo lake. Daima yuko mtoto wa mwisho: ambaye mama yake ana mazungumzo marefu, au ambaye baba amemsahau. Kwa miaka kadhaa alikuwa msichana mmoja mwenye macho makubwa, ambaye mama yake alipika katika shule ya bweni na hakuweza kufika kabla ya kuosha masufuria ya mchana. Kanisa lilikuwa limeshafungwa. Watu walikuwa makwao wakila. Mwalimu na yule msichana waliketi kwenye benchi, bila hadithi, bila wimbo, wakitazama njia. Niliwahi kupita pale nikiwa kijana, nikamuuliza kwa nini asimpeleke tu shuleni kwa mama yake.

"Mama yake alisema atakuja kumchukua."

"Lakini atachelewa, Mwalimu."

"Kuchelewa si kutokuja."

Watu husema kanisa letu lilikua kwa sababu ya mikutano ya injili yenye vipaza sauti vilivyosikika mpaka ng'ambo ya mto. Huenda. Nilichoona mimi ni kwamba msichana yeyote aliyeolewa katika vilima vile akijifungua, kabla wiki haijaisha Mwalimu alikuwa mlangoni pake na unga wa wimbi. Hakubeba Biblia. Hakuuliza mtoto atabatizwa wapi. Alikoroga uji, akafua nepi akiwa ametazama pembeni, akaondoka bila hata kuaga vizuri. Miezi ikipita, unamwona yule mama kanisani, kiti cha nyuma, na mtoto. "Ni ule mkutano wa injili," mzee wa kanisa alisema akihesabu baraka zake. Mwalimu alitafuna njugu.

Kwake nilikwenda mara chache. Watoto wake mwenyewe wako Marekani, mahali penye theluji, na wamemjengea nyumba ya vigae yenye geti jeusi. Nyumba hiyo hufungwa. Yeye hukaa katika jiko la nje, kwenye kigoda, karibu na moto. Nilipomuuliza kwa nini, alisema vyumba ni vingi na kila kimoja kinamuuliza anataka nini. Watoto humpigia simu ya picha. Lakini yeye huamini simu ni ya sikioni, basi huibana sikioni, na kule ng'ambo watu wazima waliojenga nyumba nzima kwa jasho lao hukaa wakitazama sikio la mama yao. Niliwahi kujaribu kumsaidia. Nilimshikia simu mbele ya uso. Alimwona mwanawe, akamtazama kwa muda, kisha akaichukua na kuirudisha sikioni. "Hivi namsikia vizuri," alisema.

Halafu mji wa Nyamira ukaja mpaka kwetu. Kaunti ilileta ofisi, ofisi zikaleta wapangaji: wauguzi, walimu, wahasibu, vijana waliooana juzi, wenye gari moja na mtoto mmoja, na mtoto ana viatu vinavyowaka taa kila akikanyaga. Walikuja kanisani kwetu Sabato moja, wakauliza kwa adabu, "Watoto wanakaa wapi?" Tukawaonyesha banda la mabati. Wakatabasamu. Sabato iliyofuata hatukuwaona, na tukasikia wako kwa jirani, kwenye kanisa lenye mazulia na picha ukutani.

Baraza likaitwa. Kwa kuwa nimesoma, nikaombwa niandike maoni kuhusu namna ya kuzifikia familia changa. Niliandika kurasa nyingi. Neno "mkakati" lilizurura humo kama kuku sokoni. Kwa bahati nzuri hakuna aliyezisoma, na kazi akapewa mtu anayeijua: yule msichana wa macho makubwa, mtoto wa mwisho, ambaye alikuwa amesomea malezi ya watoto na kurudi nyumbani kutafuta kazi. Tukamwita Mratibu.

Sitaki kumsema vibaya Mratibu, kwa sababu hakuna baya. Jengo jipya lina sinki fupi ambazo mtoto anazifikia, mazulia ya rangi, madirisha makubwa. Watoto wamegawanywa kwa umri. Walimu ni vijana wenye tisheti za kijani, na haachwi hata mara moja mtu mmoja peke yake na watoto. Kila mtoto huvishwa utepe wa karatasi wenye namba, na mzazi hupewa utepe wenye namba hiyo hiyo. Wauguzi na wahasibu walirudi, wakaleta wenzao. Baada ya ibada wazazi vijana hupewa chai na kukaa kusimuliana habari za meno na homa, na mama mmoja aliniambia kwamba katika mji huu mgeni hapo ndipo alipopata mtu wa kwanza wa kuongea naye. Inafanya kazi. Nasema hivi nikiwa mtu ambaye mkakati wake haukusomwa.

Mwalimu alifanyiwa sherehe. Alivishwa leso mpya, akapewa cheo: Mlezi wa Idara ya Watoto. Ukitaka kumwondoa mtu kanisani bila kutenda dhambi, mpe cheo. Lakini yeye hakuelewa kwamba ameagwa. Mratibu alipotangaza mafunzo ya walimu wapya, Mwalimu alifika wa kwanza, amevaa ile leso. Vijana walifurahi kumwona, kweli walifurahi. Wakaketi wote kwenye zulia, kwa sababu mwalimu wa kisasa hushuka alipo mtoto. Mwalimu naye akashuka, polepole, akishika ukuta. Wakati wa kuinuka ulipofika, hakuinuka. Wakamshika mikono huku na huku, wakimvuta, wakicheka, "Mwalimu, moja, mbili, tatu!" Yeye pia alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku ya pili ya mafunzo hakuja.

Sabato ya kwanza katika jengo jipya nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nikijifanya kusoma tangazo. Mwalimu alikuja mapema kama kawaida yake, maganda ya mgomba yakichungulia kutoka kwenye mkoba. Mratibu alikuwa mlangoni, tisheti ya kijani.

"Bwakire, Mwalimu," alimwamkia kwa lugha ya kwetu.

"Bwakire buya. Nipishe, wanaanza kujaa."

Mratibu hakusogea. Aliushika ukingo wa mlango. "Mwalimu, uko na utepe?"

"Utepe wa nini?"

"Wa mtoto. Mwenye hana mtoto huku ndani haingii, mpaka awe amefanya mafunzo yote. Tulikubaliana na wazazi."

"Hata mimi?"

Wazazi vijana waliokuwa nyuma walisimama. Mmoja alisema chini chini, "Si mumwache tu aingie, ni shosho, bibi mzee." Mratibu aliukaza mkono kwenye ukingo wa mlango.

"Nikikuachilia wewe leo," alisema, "kesho nitamzuia nani?"

Tuliingoja radi. Mwalimu alimtazama yule msichana kwa namna aliyokuwa akiutazama mpasuko wa kamba, akitafuta kama unapatana. Kisha akatikisa kichwa, akikubali.

"Hivyo hivyo," alisema. "Usilegee. Hata mtu akikulilia."

Akageuka, akaenda kuketi kwenye benchi ya nje. Ni ile ile ya zamani. Walipobomoa banda hakuna aliyejua waipeleke wapi.

Tangu siku hiyo kiti chake kanisani kimekuwa hapo. Hasikii mahubiri, jambo ambalo halimpotezei kitu, kwani ndani alikuwa akisinzia. Watoto wa sasa hawamjui. Humwita Shosho wa Benchi, na wale wenye viatu vya taa hupita mbele yake mbio. Akifika mtoto mpya, humuuliza, "Nani alikuleta?" Mtoto hunyanyua mkono kumwonyesha utepe wa karatasi, na namba. Yeye husema, "Vizuri." Watu wakiisha kutawanyika hubaki pale pale, mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe na Mratibu afunge mlango. Kisha huondoka peke yake kwa mguu. Mratibu amemwambia mara nyingi kwamba si lazima angoje. Bado hungoja.

Nilimkuta hapo si zamani sana. Kikao cha baraza kilikuwa kimerefuka, na nilipotoka, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mashamba ya chai. Mtoto wa mwisho alikuwa ndiyo anapakiwa garini. Mratibu alifunga mlango, akajaribu kitasa, akasimama mbele ya benchi.

"Mwalimu, nikuitie bodaboda?"

"Nenda, mama. Nenda, mvua isikupate."

Alikwenda. Nilibaki na Mwalimu. Nikautoa ufunguo wa gari langu, ambalo ni la zamani na lina tabia zake, lakini lina paa.

"Mwalimu, twende nikufikishe nyumbani."

Alinitazama kutoka kwenye viatu kwenda juu.

"Wewe ndiye ulinileta?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Hapana, Mwalimu. Ulikuja mwenyewe."

"Aliyekuja mwenyewe hurudishwa na nani?"

"Na mwalimu."

"Na mwalimu ni nani?"

Akaushika ukuta, akainuka kwa vituo, akakunja leso juu ya kichwa. Nilimtazama akiteremka njia, mgongo wake ukipungua kati ya michai, mpaka mvua ilipomfunika. Nilikaa ndani ya gari lisilo na mtu mwingine, na wanangu wako Nairobi, na gari halikuwaka kwa mara ya kwanza wala ya pili, na sikuwa na haraka nalo.

Sabato iliyofuata niliamka mapema kuliko ninavyofanya kwa ajili ya ibada yoyote, nikatoka Nyakoe kungali ukungu, nikasimama mbele ya geti jeusi. Nilipiga honi. Hakutoka mtu. Nikaingia kwa mguu mpaka jikoni. Alikuwa ameshavaa, kwenye kigoda, mkoba mapajani.

"Nimekuja kukupeleka kanisani," nilisema.

Alitoa kwenye mkoba ganda la mgomba, kavu kiasi kwamba lilitoa vumbi, akalipasua kwa urefu, polepole, kwa vidole ambavyo havimtii tena vizuri. Nusu moja alijifunga mkononi akisaidia kwa meno. Nusu ya pili akaninyoshea.

"Usiipoteze."

Niliitia katika mfuko wa shati, nikaigusa mara nyingi wakati wa mahubiri kuliko nilivyoifungua Biblia. Watu walipokwisha kutawanyika nilikwenda nyuma. Alikuwa kwenye benchi yake, anatazama njia. Mtoto mmoja alikuwa bado ndani, kwa hiyo niliketi karibu na Mwalimu, tukangoja, bila hadithi, bila wimbo. Baba wa yule mtoto akaja mbio akiomba radhi. Mratibu akafunga mlango.

Ndipo nikaitoa kamba yangu. Mwalimu aliichukua, akaishikanisha na ile iliyokuwa mkononi mwake, akaiinua kwenye mwanga, akautazama mpasuko toka mwanzo mpaka mwisho, bila haraka, kama kwamba ningeweza kuwa mtu mwingine. Kisha akanyosha mkono nimsaidie kuinuka.